Pisini Iliyojengwa Mahali pa Kulowekea Mihogo

Mwezi uliopita wajukuu wangu walinipeleka kwenye pisini, yaani bwawa la kuogelea, iliyo upande wa Kalembe, ile iliyokarabatiwa na kufunguliwa tena kwa wageni. Sikatai, ni mahali pazuri. Kuna vibanda vya nyasi, brosheti, ile mishikaki ya mbuzi, muziki, na maji ya buluu ambamo watoto hujirusha kwa vifijo. Kijana anayepokea wageni alitueleza historia yake kwa adabu: wazungu wa plantasyo, lile shamba kubwa la kahawa, ndio walioichimba, na kabla yao palikuwa pori tupu lisilo na mtu. Nimetumikia ofisi za serikali hadi kustaafu, nami siwezi kuliacha neno kama hilo lipite. Niruhusu, rafiki msomaji, nilisahihishe.

Pale hapakuwa pori. Palikuwa mahali petu pa kulowekea mihogo.

Miaka ya hamsini ilipoanza nilikuwa msichana mdogo, na kazi yangu ilikuwa kumsaidia Koko, mama yake baba, kubeba vikapu hadi kwenye dimbwi lililokuwa chini ya chemchemi. Mihogo yetu ilikuwa ile michungu. Usipoiloweka vema inakutapisha na macho yanaona giza. Kila mwanamke wa kilima alikuwa na pembe yake humo, amezungushia mawe. Mihogo ilikaa majini hadi ikalainika na kutoa harufu kali ya uchachu, harufu ambayo hata leo ingenijaza mate. Kisha tuliianika juu ya miamba, tukaitwanga, na jioni bugali ule uliliwa kwa maharagi.

Wazungu walipojenga pisini, waliyavuta maji hayohayo kwa mfereji wa saruji, wakalifukia dimbwi. Baba, aliyekuwa mchuma kahawa, akafanywa sentineli, yaani mlinzi, wa pisini na kupewa nyumba ya matofali mlangoni pa uzio. Majirani walimpongeza. Kila Jumapili magari yalifika, mengine kutoka migodi ya Walikale; wake wa wazungu walijianika juani, watoto wao waliruka kutoka kwenye ubao, gramafoni ikaimba. Sisi tuliyatazama hayo dirishani. Kwa Mwafrika, kuvuka uzio kulikuwa marufuku, isipokuwa ameshika ufagio.

Wanawake walijaribu kwanza kuloweka kule chini, yalikomwagikia maji yanayotoka pisini. Lakini maji hayo yalitiwa dawa ya kuua uchafu, na dawa hiyo iliua uchachu pia. Mihogo ilikaa humo, ikatoka migumu na michungu kama ilivyoingia. Mtoto wa jirani aliyeila alitapika hadi wakadhani anakufa. Basi Koko akapanda hadi juu, mfereji ulikoanzia, akailoweka mihogo yake kwenye maji safi, na Jumapili iliyofuata harufu ikawafikia wageni.

Meneja wa plantasyo hakupiga kelele. Alimwambia baba kwamba ikinuka tena, arudishe funguo na kuhama siku hiyohiyo. Koko aliposikia hayo, alikwenda kuloweka tena. Baba akanishika mkono, tukapanda. Tulimkuta ameketi kando ya vikapu vyake.

"Mama, toa mihogo."

"Weye njo polisi yangu sasa?"

"Nyumba iko ya muzungu. Akitufukuza, tutalala wapi?"

"Si mu pisini? Iko kubwa. Hata ng'ombe zote za shefu wa kilima zitaenea mule."

Nilicheka. Baba hakucheka. Aliingia majini na viatu vyake, akatoa kikapu kimoja baada ya kingine, akaviweka miguuni pa mama yake.

"Huku juu munatukataza, kule chini iko dawa," akasema Koko. "Unataka niloweke mu kinywa?"

"Sijui, Mama."

Nimewaza mara nyingi angejibu nini kingine, na sijapata.

Tangu siku ile Koko aliacha kupanda mihogo michungu, na wanawake wengine wakaacha mmoja mmoja. Walipanda mitamu, ambayo nguruwe-mwitu waliifukua kabla haijakomaa. Miezi ya njaa ikawa mirefu. Koko aliendelea kumpelekea mwanawe chakula, lakini alikiacha mlangoni. Ndani ya nyumba ya matofali hakuingia kamwe.

Miaka ile ya hamsini ilipokuwa ikiisha, meneja aliondoka na pisini ikakauka. Baba mwenyewe aliubomoa mfereji kwa sururu na kulifukua dimbwi, maji yakarudi njia yake ya zamani. Kisha akaenda kumwita mama yake. Koko alikuja, akapanga mawe ya pembe yake, akanawa mikono, akawageukia wanawake waliokusanyika.

"Nani iko na miti ya mihogo ile michungu, nipande?"

Walitazamana. Hakuna aliyekuwa nayo.

Baba aliitafuta hadi Lushebere, akarudi na mzigo wa miti ya mihogo mitamu. Koko aliikagua, akajua ni mitamu, akashika jembe. Aliipanda yote, kwa kuwa mwanawe ndiye aliyeileta. Bugali wake tuliula. Ule mwingine sijauonja tena.