Injinia na Kiti cha Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Duka lake lilikuwa barabara ya juu, nyumba yake mtaa wa chini, na katikati palikuwa na ngazi ya zege yenye vidato sitini na vinane. Miguu yake ilipooza tangu utotoni. Kila asubuhi mumewe, mbeba mizigo kwa baiskeli, alipanda ngazi ile mara tatu: kwanza na mkewe mgongoni, kisha na kiti chake cha magurudumu, mwisho na baiskeli begani. Akifika juu mara ya tatu anahema kama mvukuto, na bado hajaanza kazi.

Mama Pindo alikwenda ofisi ya ujenzi ya jiji mara tatu kuomba ijengwe njia ya mteremko kando ya ngazi. Mara ya tatu injinia mkuu alimtazama juu ya miwani yake.

"Mama, ngazi haina tatizo. Mwambie mzee ale vizuri apate nguvu."

Makarani wakaangua kicheko. Mama Pindo akageuza kiti chake akaondoka, uso umemwiva.

Msimu wa mvua ulipoanza, mumewe aliteleza wakikaribia juu. Alijipindua wakiwa hewani ili yeye awe chini, mkewe awe juu. Mama Pindo alichubuka kiwiko tu. Mume alivunjika nyonga.

"Injinia yule atanitambua," Mama Pindo alisema kando ya kitanda cha hospitali.

"Mwache, mke wangu. Ni utelezi tu."

"Utelezi haukunicheka."

Tangu siku hiyo hasira ikawa ndiyo kazi yake ya pili. Wapanda baiskeli wenzake na mumewe walipokezana kumbeba, naye alimwomba kila mmoja apande polepole, ahesabu kila palipobomoka. Shemeji yake, mwashi mstaafu, alimfundisha hesabu ya mteremko: kila kimo cha sentimita kumi kinataka urefu wa mita moja na sentimita ishirini, la sivyo kiti kitarudi nyuma na aliyekikalia. Aliandika yote kwenye daftari la vipimo vya wateja. Akakusanya sahihi za wapanda baiskeli, za akina mama wenye vigari vya watoto, za wazee wenye fimbo. Safari hii hakukanyaga ofisi ya ujenzi. Sahihi zile alimpelekea diwani mkononi.

Diwani aliagiza njia ijengwe. Injinia akaijenga kwa wiki tatu, kwa kinyongo. Ilisimama kama paa la nyumba. Juu kabisa aliweka nguzo katikati ili kuzuia pikipiki.

Wapanda baiskeli walikuja dukani wakifoka. "Tukaandamane leo leo!"

"Nyamazeni," alisema Mama Pindo. "Mwacheni afungue."

Siku mbili kabla ya ufunguzi, dereva wa ofisi alileta suruali ya kurekebishwa kiuno. Ilikuwa ya injinia, ya kuvaa siku hiyo. Mama Pindo aliishika mapajani muda mrefu. Nyuzi nne tu, akilegeza nyuzi nne pale nyuma, bwana mkubwa angebaki uchi mbele za watu. Mkono ulimwasha. Lakini watu wangecheka suruali, wakasahau zege. Akaipiga mshono wa mara mbili, imara kama turubai.

Siku yenyewe diwani alikata utepe, akamkaribisha Mama Pindo apande wa kwanza. Yeye akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Mimi mwoga jamani. Injinia wetu kala vizuri, nguvu anazo. Atangulie, nimwige."

Kwa kusaidiana na jirani akahamia kwenye benchi, akakisukuma kiti mbele. Injinia alitafuta pa kutorokea, macho yote yakawa kwake. Akakaa. Akasukuma magurudumu mara moja, mara mbili. Mara ya tatu kiti kikamrudisha nyuma kwa kasi, akapiga ukelele kama mtoto. Wapanda baiskeli wawili wakamdaka. Mama Pindo ndiye aliyewapanga hapo: hakutaka avunjike, maana aliyevunjika huonewa huruma.

"Tena!" akasema kwenye kipaza sauti.

Wakamsukuma hadi juu, jasho likimtiririka, na kule juu kiti kikakwama kwenye nguzo. Hakikwenda mbele, na nyuma palimtisha. Mtaa mzima ulicheka. Mama Pindo hakucheka. Alimkabidhi diwani daftari.

Njia ilibomolewa siku ya tatu. Mpya ilichukua miezi mitano, ikipinda mara nane, na kila pindo lina mahali pa kupumzikia. Injinia alilazimika kuwapo kila siku, na kila jioni Mama Pindo alifika na futi kamba yake. Kona moja ilipungua sentimita nne.

"Vunja."

"Mama, sentimita nne?"

"Vunja."

Mumewe, aliyekuwa akijifunza kutembea kwa fimbo, alimsihi. "Basi sasa, yatosha."

"Haijatosha."

Njia ilipokamilika alipanda peke yake, bila mkono wa mtu, baiskeli zikimpita na kengele zao. Alifurahi, hakuna ubishi. Ila ndani bado kulikuwa kunachemka.

Injinia alikuja dukani wiki ile, kofia mkononi. "Mama, nisamehe."

"Sikuvunjika mimi. Nenda nyumbani kwangu, mume wangu yuko kitandani anapumzika. Mwambie yeye."

Alitegemea mumewe atamtolea uvivu. Jioni aliporudi aliwakuta wawili hao wanakunywa chai, mumewe anacheka hadi anashika nyonga, keshamsamehe zamani, tena anamwita kaka.

Mama Pindo alimnunia mumewe wiki nzima.