Banda Zuri Ambalo Mbwa Hawalitaki

Saa mbili asubuhi, miguu ya mtu mzima imechomoza kwenye mlango wa banda la mbwa. Mwili uliobaki wote uko ndani. Mbwa wawili wameketi nje, wanaitazama hiyo miguu.

"Mbona ndani pazuri, jamani!" sauti inatoka bandani. "Sasa mnaogopa nini?"

Huyo ni Fundi Msasa, seremala wa vitanda na makabati. Jina alipewa na mafundi wenzake, maana hakuna ubao unaotoka mikononi mwake kabla haujalainishwa mpaka nzi akitua ateleze. Banda la mbwa ndilo lake la kwanza, na limemvuruga akili.

Kwa macho halina kasoro. Limeinuliwa kwenye vigingi ili unyevu usipande, paa linamwaga maji nyuma, mlango umeupa upepo mgongo. Ndani kapiga msasa, kapaka vanishi, sakafu inang'aa. Lakini mbwa wenyewe, Bosi na mwanawe Karani, wanaingiza mguu mmoja, wanautoa, wanaondoka zao.

"Nimewawekea nyama humo. Karani kajinyoosha kama mwizi wa dirishani, kala, na miguu ya nyuma haijaingia!" anamwambia mwandishi wa makala haya. "Nimechanganyikiwa, sikufichi."

Kwa mwenye nyumba, mstaafu anayeishi peke yake na mbwa hao, si mzaha. Jumapili binti yake anakuja na kichanga, na mbwa hawatalala tena sebuleni. Wasipolikubali banda, watachukuliwa na mtu anayetaka walinzi wa kufunga mnyororo ghalani kwake.

"Nawapenda hawa, mwenzenu," anasema, akifuta macho kwa kiganja. "Lakini mjukuu ni mjukuu. Fundi, nifanyeje?"

"Mama, ningejua ningekuwa humu ndani?"

Anajaribu kugeuka. Goti linateleza, kichwa kinagonga ukuta. Mkono unasikika ukipapasa sakafu.

"Ala! Kumbe wanateleza!"

Anatoka, anavua koti la kazi, anang'oa mbao za sakafu na kuzigeuza, upande usiopigwa randa ukae juu. Inamuuma, na anasema. "Naharibu kazi yangu kwa mkono wangu mwenyewe." Anakunja koti, anapiga magoti juu yake humo ndani, anagongomea misumari. Akitoka, analisahau.

Hajaokota hata nyundo, Bosi anampita, anaingia, anajizungusha na kulala juu ya koti. Karani anafuata na kuegemeza kidevu kwenye mkono wa koti. Mwenye nyumba anacheka na kulia kwa pamoja.

Fundi ndiye hacheki. "Sasa ni sakafu, au ni koti?" Anajaribu kulivuta. Bosi anamngurumia.

Anampigia simu mkewe. "Koti lipi?" mkewe anauliza. "Lile ninalokuomba kila siku nilifue?"

"Hilohilo."

"Basi limepata wanaolipenda. Waachie."

Jirani aliyekuwa akichungulia ukutani naye ameagiza banda. Fundi amekubali, na anatumaini siku moja kuwa fundi wa mabanda anayejulikana. Sakafu ataiacha na makwaruzo tangu mwanzo. Koti ndilo linalomsumbua, maana bado hajui kipi kilifanya kazi, sakafu au koti, na hataki kubahatisha.

Anaondoka na fulana, mawingu yakikusanyika, mikono kaikumbatia. Getini anageuka.

"Ukiandika," anamwambia mwandishi, "mwambie mke wangu koti jipya asilifue. Nitalivaa mpaka mbwa watakapolikubali."