Bastola ya Mzee Himid

Mzee Himid anauza mabati na misumari Chalinze, na hajawahi kukubali kosa. Akiwa na miaka sitini alipata kibali cha bastola, akaanza kujifunza shabaha. Siku ya nne risasi zake tano zilitoboa karatasi chini ya duara, upande wa kushoto. Akafoka, "Nimeuziwa bastola mbovu!"

Zuwena, polisi mstaafu aliyemfundisha, aliyafunika matundu yote kwa kiganja kimoja. "Zimekaa pamoja, mzee wangu. Bastola nzima. Kosa ni moja, unalirudia."

Akaichukua bastola, akampa mgongo, akaiandaa, akamrudishia. Himid akalenga, akasema "Bismillahi," akavuta triga. Ikalia ta! Haikuwa na risasi, lakini mdomo wa bastola ulikuwa umeshainama.

"Umeona? Ukimaliza Bismillahi unajua mlio unakuja, mkono unashtuka kabla. Vuta polepole, mlio ukukute."

Akaitia risasi, akamrudishia. Safari hii Himid alivuta kidogo kidogo, mpaka mlio ukamshtua mwenyewe. Tundu likakaa katikati.

Hakushangilia. Aliishusha bastola.

"Miaka yote hii," akasema, "nalitaja jina la Mungu, kisha naogopa."