Matuta Mawili

Mwanangu alipoingia darasa la tano, wanawake wa kijiji chetu walinipigia vigelegele, kisha wakaniuliza nani atalima tuta lake. Lilikuwa swali la haki. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Tabora, mvua zikianza tulilima kwa kikundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na kila nyumba ililimiwa kadiri ya watu iliyotoa. Nyumba yangu ilihesabiwa watu wawili, mimi na binti yangu. Mume wangu alikuwa Tanga kwenye mashamba ya mkonge, na mama mkwe alishazeeka. Enzi zile za Mwingereza shule ya kati ilikuwa darasa la tano hadi la nane, na nafasi zake ziligombewa. Ukiiacha, mwenzako anaikalia. Binti yangu alikuwa msichana pekee wa kijiji aliyevuka la nne.

"Basi tukuhesabu mmoja," alisema kiongozi wa kikundi, mwanamke mpole lakini asiyependa ujanja.

Mmoja maana yake nusu ya shamba langu ingebaki majani, nasi tungeomba chakula kwa watu kabla ya mavuno.

"Wawili," nikasema. "Nitalima matuta mawili."

Walicheka. Nami nikacheka, kwa kuwa nilikuwa bado sijajaribu.

Kulima kwa ngoma kuna kasi yake. Mnainama pamoja, mnamaliza pamoja, mnahamia tuta jingine. Mimi nikimaliza langu nilirudi mwanzo peke yangu kulima la mwanangu, na wenzangu wakaegemea mipini ya majembe wakinisubiri. "Mama Darasa, tunaota mizizi huku!" walinitania. Sikuwachukia. Niliichukia ngoma, maana mpigaji hakuacha kupiga nilipobaki peke yangu. Alidhani ananisaidia.

La tano likapita hivyo, la sita likapita hivyo. Jioni nilikaa chini mlangoni nikashindwa kunyanyuka kwenda kusonga ugali. Mama mkwe alikuwa akinitazama. Baba yake alikuwa mpagazi, alibeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa njia ile ile inayopita kando ya shamba letu, na binti yangu aliifuata kila siku kwenda shule.

"Mayo," aliniambia, kwa neno letu la kumwita mama, "baba yangu na wenzake walitua mizigo njiani, wakalala. Wewe unatua lini?"

Nikamwambia chumvi imekwisha.

La saba ndilo lililonimaliza. Binti alikuwa amerefuka, amekuwa mkimya, ukimuuliza kitu anapandisha mabega. Shuleni nako waliwalimisha shamba la shule, akarudi na malengelenge mikononi, wakati wenzake wa kijijini wanasukana nywele na kuposwa. Asubuhi moja ya mvua nilimkuta amekaa kitandani, gauni la shule mapajani.

"Mama, nimechoka na shule."

Hasira ilinipanda. Amechoka yeye! "Haya," nikasema, "chukua jembe twende." Nilitaka jembe limkomeshe kabla ya adhuhuri.

Halikumkomesha. Alishika tuta lake katikati ya wenzake, akaitikia nyimbo, akacheka mpaka magego yakaonekana. Nyumbani nilikuwa nimekisahau kicheko kile. Na mimi nikalima tuta moja tu. Nilifika mwisho pamoja na wengine, nikaegemea mpini, nikanywa maji huku tukisema habari za watu. Nikatamani iwe hivyo kesho, na keshokutwa, na masika yote. Tamaa hiyo ilinitisha kuliko maneno yake ya asubuhi.

Jioni ile alipika yeye. Nilikula nimenyoosha miguu, na mama mkwe akasema taratibu kwamba nyumba imepumua. Ilikuwa kweli, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Kulipokucha nilimvuta shuka. "Amka, shule."

"Na tuta langu?"

"Huna tuta."

Alilia, akasema ninamwonea, kwamba ninamtwisha yale niliyoyakosa mimi. Sikubisha. Nilimsindikiza mpaka njiani, akaondoka bila kuniaga. Sikujua kama angefika shuleni au angejificha porini hadi saa ya kutoka, na sikuwa na nguvu za kumfuata.

Shambani kiongozi wa kikundi alinitazama, akatazama nyuma yangu, akaona sina mtu.

"Mayo, sema leo, tusiulizane tena. Mmoja au wawili?"

Wenzangu walikuwa wamekwisha kuinama. Mwili wangu wote ulitaka mmoja.

"Wawili," nikasema, na nikaanza na la mwanangu.