Niliyapogoa Matofaa Kama Chai

Hata leo nikikuta matofaa sokoni napita upande wa pili, na nikiwaeleza sababu mtanicheka, chekeni tu. Asubuhi moja, miaka ya tisini, niliondoka kwetu Kiogoro bila mpango (shule nilishaiacha, miguu ndiyo haikuacha kuniwasha), nikatembea hadi Nyamira, na huko mjane mmoja, Mama Moraa, akaniajiri nimchumie chai na kumtunzia miche ya matofaa.

Miche yenyewe ilikuwa ya majaribio. Bwana shamba aliipanda Kiogoro, Keumbu na kwa Mama Moraa, kila mche tawi la tofaa limepandikizwa juu ya shina la mti mwingine, aone shina gani litafaa wapi. Mama aling'oa mistari minne ya chai ili kuipisha, na huo ulikuwa mwaka wa tatu, mwaka wa kuzaa.

Sasa, yetu ilidumaa kwa baridi, na kila nikienda nyumbani naambiwa ya Kiogoro imefika kifuani. Roho ikaniuma. Mimi ninayeuliza kila kitu (hata Mhindi wa duka pale Kisii nilimuuliza mizani yake inajuaje uzito), siku hiyo sikuuliza mtu. Chai ikichoka si hukatwa chini ikarudi na nguvu? Nikachukua panga nikaikata miche yote, chini ya kifundo kilichovimba kwenye kila shina, nilichodhani ni ugonjwa.

Mvua ilipokuja, jamani, machipukizi! Siku ya wakulima kuzungukia mashamba yote matatu nikasimama mbele: "Watu wa Kiogoro, njooni mjifunze!"

Bwana shamba akainama, akapapasa shina la kwanza, la pili, la tano.

"Kifundo kiko wapi?"

"Nilikikata, bwana. Kilikuwa kimevimba."

"Hapo ndipo tofaa lilipoungwa. Umebakisha shina la ule mti mwingine tu. Hutakula kitu hapa."

"Nyamira mmetushinda," akasema mzee mmoja wa Kiogoro, "kwa kuni!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega. Mama Moraa hakucheka. "Mwanangu," akaniambia polepole, "chai yangu niliing'olea nini?"

Nilikunja blanketi langu nikashika njia, na jioni nikafika Keumbu, mama mmoja mwenye hoteli akanipa chumba cha nyuma. Akaniuliza kama naweza kumkatia ua wake, umezidi.

"Mama," nikamwambia, "maji nitachota, kuni nitapasua. Lakini kitu kinachoota, tafadhali, usinipe panga."