Nusu Yangu ya Shamba

Katika jumuiya yetu ya pale Chanji, Sumbawanga mjini, mimi ndiye mtu anayetolewa mfano wa utulivu. Mwanamke akigombana na wifi yake, anaambiwa nenda kaongee na yule karani. Karani ndiye mimi. Natunza mafaili masjala, na hasira zangu nilizitunza miaka mingi kwa utaratibu uleule, kila moja na jalada lake.

Wakija nawapa kanuni tatu nilizozikuta kwa mama yangu. Salimia kabla hujasema lililokuleta. Osha jembe kabla hujaosha miguu. Na neno likikuuma, lifunike, usilifukue kabla ya wakati wake. Mwaka jana, mwezi wa tisa, mwenyekiti wa jumuiya aliniomba niyaseme hayo mbele ya wote baada ya rozari. Niliyasema vizuri, wakanipigia makofi. Nilipokaa nikasikia jembe.

Lilikuwa linalima nyuma ya nyumba, taratibu, likipiga na kupumzika, kama la mtu aliye peke yake na asiye na haraka. Nyuma ya nyumba ile hakuna shamba. Kuna tangi la maji na ukuta wa jirani. Niliwatazama wenzangu usoni mmoja mmoja, na hakuna aliyegeuza shingo.

Naandika haya kwa sababu kanuni ile ya tatu niliielewa nusu, na nusu niliyoikosa ilinigharimu mdogo wangu.

Asiyekulia Ufipa huenda hajui tunavyolima ulezi. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi zikiwa ndefu na udongo bado laini, hatuchomi moto. Tunazilaza nyasi chini na kuzifunika kwa mabonge ya udongo, mpaka shamba zima linajaa matuta ya mviringo yanayofika magotini. Tuta hilo kwetu ni ntumba. Linakaa kiangazi chote, pengine na maharage juu yake, na nyasi zinaoza humo ndani. Mvua za mwaka unaofuata zikianza, unalibomoa, unautawanya ule udongo mweusi, unamwaga ulezi.

Tulipokuwa watoto mdogo wangu alibomoa tuta moja mapema ili aone nyasi zimefikia wapi. Alikuwa hivyo, hawezi kuacha kitu bila kukichungulia. Joto na harufu ya uozo vilimpiga usoni akacheka, na mama akamchapa palepale shambani. "Ukishalifunika, liache!" Fimbo alikula yeye, somo nikalichukua mimi. Nililipenda somo hilo kwa sababu lilinifaa. Mimi nilizaliwa na kisirani.

Baba alipougua, mdogo wangu ndiye aliyekuwa naye kijijini kwetu Mwimbi. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, amerudi nyumbani, hivyo kazi ya kumgeuza baba kitandani, kumwogesha na kumlisha uji ikawa yake na mama. Siku ya Jumanne alinipigia simu. "Dada, njoo. Baba anakuulizia." Nikamwambia Jumamosi. Ijumaa tukaambiwa ofisini kwamba wakaguzi wanakuja, nikasogeza mpaka Jumatatu. Wakaguzi wenyewe hawakufika.

Jumatatu nilipoingia uani nilikuta viti vimepangwa nje na akina mama wamekaa kwenye mikeka. Sikuhitaji kuambiwa. Mdogo wangu akatoka ndani, akaja mpaka mbele yangu, akachuchumaa, akapiga makofi mepesi ya heshima, tunavyowafanyia wakubwa na watu tusiowazoea. Kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Karibu, mgeni."

Akanyanyuka, akarudi jikoni. Akina mama wakatazama chini. Angenipiga kofi ningemsamehe kabla ya mazishi, nasema kweli, kwa sababu kofi lingekuwa kosa lake. Neno lile lilikuwa kosa langu, amelitamka yeye. Tulimzika baba kesho yake, na asubuhi ya siku ya tatu, chai haijachemka, nikadandia gari la kwanza kurudi mjini. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo kila mtu anaijua, na sikutaka kuisubiri nyumbani kwa baba yangu mwenyewe.

Nikalifunika neno lile. Nilijiambia nafuata kanuni ya mama, na mtu angenitazama angeamini. Sikumsema vibaya mdogo wangu kwa yeyote. Sikupandisha sauti. Mama akipiga simu nilimuuliza habari za kuku, za mvua, za mgongo wake, na akisema "mdogo wako yupo hapa," nilijibu "msalimie." Ile kanuni ya kwanza, ya salamu, niliitimiza kwa kutuma mtu. Kimya chetu kilienda miaka mitatu na zaidi, na katika miaka hiyo ndipo sifa yangu ya utulivu ilipokua pale Chanji.

Kila mwezi wa saba, baada ya mavuno, gunia la ulezi lilishushwa stendi likiwa na jina langu. Nilimpigia mama kumshukuru. "Umejichosha, mama." Alikuwa anajibu, "Haya, wewe kula." Nilikula. Nilipika ugali wa ulezi na uji wa asubuhi, na nikiwa na wageni niliisifia mikono ya mama yangu, mzee vile na bado analima.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, mama aliniambia mdogo wangu anaumwa tumbo, ameanguka shambani. Nikasema mpe pole, nitakuja Pasaka. Pasaka mvua ikanyesha, nikasema barabara mbaya, ingawa jirani yangu alikwenda Mwimbi na kurudi na viatu vyake safi. Mwezi wa tano mama alisema amelazwa hospitali ya wilaya, ametolewa, yupo nyumbani. Kisha akasema, "Anakuulizia."

Nililisikia neno hilo. Nilikumbuka nilikolisikia mara ya kwanza. Hata hivyo nikasema niacheni kwanza tufunge mwaka wa serikali, mwezi wa sita ukiisha nakuja. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasubiri yeye aanze kuomba msamaha. Niliwaza kwamba mtu aliyelala ana muda mwingi wa kufikiri. Niliwaza hivyo, na hakuna sala niliyoipata ya kuliondoa wazo hilo kichwani.

Alikufa mwezi wa saba, upepo ule wa baridi ukivuma mchana kutwa. Nilipoingia uani hakuna aliyechuchumaa mbele yangu. Ningeitwa mgeni mara mia siku ile ningeitikia zote. Sikulia, na akina mama wakanong'onezana kwamba Mungu amenijalia moyo wa utulivu. Nikakaa siku mbili, nikaondoka.

Miezi miwili baadaye ndipo jembe likaanza, siku ile ya rozari. Baada ya hapo nililisikia hata ofisini, saa nne asubuhi, nyuma ya makabati ya mafaili. Siku moja nikielekea sokoni nilimwona mwanamke mbele yangu amebeba jembe begani, na mguu wake wa kushoto unatupwa nje kidogo kila anapopiga hatua, kama wa mdogo wangu tangu utoto. Nilimkimbilia katikati ya bodaboda. Akageuka, msichana wa watu, akaniamkia, "Shikamoo mama." Nikaondoka bila kumwitikia, mimi mwalimu wa salamu.

Niliogopa, sitajidai. Sikuwaambia wenzangu wa masjala kwa sababu wangeniuliza nani kaniroga. Utani huo tumeuzoea, ukishasema unatoka Sumbawanga basi. Lakini hapakuwa na mchawi katika jambo hili. Nilijua ni jembe la nani. Padri aliniambia nimwombee marehemu, nikamwombea, na jembe likaendelea kulima.

Mvua zilipoanza mwezi wa kumi na moja nilichukua likizo nikaenda kwa mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Siku ya kwanza ilipita hivyo. Ya pili alinichinjia kuku, tukala wawili tu, na kiti cha mdogo wangu kilikuwa pale ukutani, hakuna aliyekikalia wala kukisogeza. Asubuhi ya siku ya tatu, nilipomaliza chai, mama aliingia ndani akatoka na jembe. Mpini wake ulikuwa umepasuka kichwani ukafungwa waya, na mahali pa kushikia palikuwa laini kwa mikono. Lilikuwa safi, halina hata chembe ya udongo.

"Leo siku ya tatu," akasema.

Hakucheka, nami sikujua kama nicheke. Nililipokea kwa mikono miwili tukaenda shambani.

Baba alikuwa ametugawia shamba lile akiwa na nguvu zake: nusu ya juu yangu, nusu ya chini ya mdogo wangu, katikati mstari wa mawe. Tangu nilipoondoka kwenye msiba wa baba sikuwahi kukanyaga pale. Nilitegemea nusu yangu niikute pori.

Niliikuta imejaa matuta kutoka mwanzo mpaka mwisho, ya mviringo, yamekazwa vizuri, yana mashina makavu ya maharage juu.

"Nani analima huku?"

"Nani tena?" Mama aliketi kwenye jiwe la mpaka. "Tangu mwaka aliokufa baba yenu. Magunia yale ulidhani nalima mimi? Na mgongo huu?"

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Alinikataza. Alisema ukijua hutakula."

Alisema kweli. Ningeyarudisha na gari lilelile. Niliona aibu iliyonichoma mpaka masikioni, kwamba alinijua kiasi hicho na bado alilima.

Nilianza kubomoa. Tuta la kwanza lilifunguka kirahisi. Nyasi hazikuonekana tena, ulibaki udongo mweusi mlaini unaotoka moshi kidogo kwa baridi ya asubuhi. Nilitawanya moja, nikatawanya la pili, mikono yangu ya kalamu ikaanza kutoka malengelenge. Nikamwambia mama, kwa sauti ya mtoto anayejitetea, "Lakini wewe ndiye uliyesema tukishafunika tusifukue."

"Kabla ya wakati, nilisema. Wakati ukifika usipolitawanya, nyasi zinaota juu yake na udongo unakuwa mgumu kama wa kichuguu. Hapo hujafunika, umezika. Nani alikuambia kufunika ndiyo kazi yote?"

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe, kisha nikawafundisha wanawake wa jumuiya nzima.

Jua lilipofika utosini nilivuka mstari wa mawe kwenda nusu ya mdogo wangu. Nilitaka niitawanye na yake pia. Nilidhani hilo angalau naweza kumfanyia. Lakini kule matuta yalikuwa mistari mitatu tu. Baada ya hapo ni nyasi tupu, zile za mwaka uliopita, ndefu, zimekauka zikilala upande mmoja kwa upepo, na majani mapya yanachomoza katikati yake. Tuta la mwisho lilikuwa halijakamilika. Nyasi zililazwa, upande mmoja ukafunikwa, upande wa pili mabonge matatu ya udongo yamewekwa na la nne limeachwa pembeni.

Hapo ndipo alipoanguka.

Niliangalia juu, kwenye nusu yangu iliyokamilika mpaka tuta la mwisho, kisha nikaangalia tena chini. Mama alikuwa amekuja nyuma yangu.

"Alianza na langu," nikasema.

"Kila mwaka alikuwa anaanza na lako. Nilimgombeza. Akasema, siku dada akirudi asikute pori."

Nililia pale kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mama hakunibembeleza, alisimama tu akinishika mgongoni. Nilipomaliza niliinama nichukue lile bonge la nne, nilimalizie tuta lake, akanizuia mkono. Si wakati wake, akasema, nyasi zile zimeshakufa, ngoja mwezi wa tatu. Basi nikafanya jambo moja lililobaki. Nilichuchumaa mbele ya tuta, nikapiga makofi mepesi, nikamsalimia mdogo wangu. Ilikuwa salamu yangu ya kwanza kwake tangu mazishi ya baba, na sikumtuma mtu.

Jioni niliosha jembe kabla ya miguu.

Wanawake wa Chanji bado wananijia na ugomvi wao. Kanuni ya tatu siku hizi naisema yote, na yule mwenye dada aliyenuniana naye simpi uji wala kiti. Namwambia toka, gari la kwa dada yako linaondoka saa sita. Wengine wamesema siku hizi nimekuwa mkali. Jembe nalo bado nalisikia, hasa asubuhi nikiwa na mafaili mbele yangu, na sijaomba linyamaze.

Mwezi wa tatu mwaka huu nilichukua likizo nyingine nikaenda kufunika matuta. Nilianza na nusu yake.