Chumba cha Thelathini Hakina Namba

Saa nne na robo asubuhi, mhudumu wa vyumba hotelini anapiga goti kando ya kitanda cha chumba namba tisa na kukunja pembe ya shuka kwa mkono mmoja. Mkono wa pili unapapasa uvunguni na kutoka na soksi ya mgeni. Dakika ishirini kwa chumba, vyumba kumi na vinne kwa siku. Wenzake humwita Mama Shuka. Miaka sita ya kazi hii imempa jina, nyongeza ya mshahara bado.

Kukosa nyongeza hiyo ndiko kulikomtia udadisi. Katika chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo kuna tangazo la kima cha chini cha mshahara, limebandikwa kama sheria inavyotaka. Bahati mbaya limebandikwa chini ya misumari ya kutundikia aproni, na watu walishasahau kama kuna karatasi pale. Mwezi uliopita alizitoa aproni zote kwenda kuzifua, akakutana nalo uso kwa uso.

Alilisoma mara tatu. Hoteli ya vyumba thelathini na kuendelea hulipa kiwango cha hoteli. Chini ya hapo ni kiwango cha nyumba ya wageni, pungufu kwa theluthi. Yeye hulipwa hicho cha chini, na nusu yake humezwa na kodi ya nyumba. Milango ya hapa ina namba moja hadi ishirini na tisa.

"Nikajiuliza, sasa Kwa Shemeji panahesabiwa wapi?" anasema, akicheka chinichini.

Kwa Shemeji ni chumba kilicho jirani na stoo ya mashuka. Wa kwanza kulala humo alikuwa shemeji yake meneja, jina likaganda. Kwenye makaratasi nacho ni stoo, ila hoteli ikijaa hulala mgeni anayelipa sawa na wengine.

Akapiga simu ofisi ya kazi, akauliza mpaka salio likakaribia kuisha. Bakshishi inahesabiwa kuwa mshahara? Hapana. Chakula cha mchana je? Nacho hapana. Na chumba kisicho na namba? Hapo afisa akamwambia kinachohesabiwa ni mahali wageni wanapolala, si namba ya mlangoni.

Jumanne iliyopita mkaguzi kutoka ofisi hiyo alifika. Meneja alimtembeza vyumba ishirini na tisa kwa adabu zote. Ndipo mkaguzi alipomgeukia Mama Shuka na kumuuliza, hoteli ikijaa, wanatandika vyumba vingapi.

Anakiri kwamba aliogopa sana. Kibarua kingeweza kuota nyasi palepale.

"Thelathini, mheshimiwa," alijibu. "Cha mwisho nikuoneshe?"

Akabisha hodi. Mlango ukafunguliwa na mgeni mwenye povu la dawa ya meno mdomoni, akauliza maji ya moto yatakuja lini. Meneja akawa anaangalia viatu vyake.

Uamuzi utatoka mwisho wa mwezi. Meneja anasema chumba hicho ni cha dharura tu, ingawa hakani kwamba dharura hutokea kila wiki. Hajamfukuza mtu. Wanasalimiana bado, salamu fupi fupi.

Kiwango kikipanda, Mama Shuka hana mpango wa kununua chochote. Ataacha kazi yake ya pili, kufua nguo za watu, inayomrudisha nyumbani wakati bintiye wa miaka saba ameshalazwa na bibi yake.

"Juzi alimwambia mwalimu kwamba anaishi na bibi," anasema. "Hakudanganya, maana mimi nyumbani napita tu. Nataka akiulizwa tena, anitaje na mimi."